Nilivyogawa eka 2¾ kwa kalkuleta bila kupoteza hata robo ya kitalu

Shamba la Hombolo, Dodoma, lina eka 2¾, na kila kitalu cha mizabibu kinatakiwa kiwe eka ⅜. Vitalu vingapi? Hesabu hii nimeipitisha kwenye Casio fx-82MS na fx-991ES PLUS, kwa sababu vitufe vyake haviendi sawa.

Kwenye MS, ambapo a b/c ndicho kitufe cha sehemu, nabonyeza 2, a b/c, 3, a b/c, 4, kisha ÷, halafu 3, a b/c, 8 na =. Kioo kinaleta 7⌟1⌟3, yaani 7⅓. Nikibonyeza a b/c tena napata 7.333333333, SHIFT kisha a b/c inatoa sehemu guni (namba ya juu ni kubwa kuliko ya chini), 22⌟3. Kosa linalorudiwa sana ni kuandika sehemu kwa alama ya kugawanya: 11÷4÷3÷8 inaleta 0.114583333, kwa kuwa kalkuleta inagawanya kwa 3, kisha tena kwa 8. Ukitaka kutumia ÷, weka mabano: (11÷4)÷(3÷8).

ES inataka SHIFT kwanza, ndipo kitufe cha sehemu, ili nafasi tatu za namba mchanganyiko zitokee. Ukianza na 2 kisha kitufe cha sehemu peke yake, ile 2 inageuka kuwa kiasi, yaani namba ya juu ya sehemu. Ukimaliza asili (namba ya chini), sogeza mshale wa kulia utoke nje. Usipotoka, alama ya ÷ inaingia ndani ya asili. Kubadili jibu kuwa desimali ni S⇔D.

Sasa hiyo ⅓. Hapa ndipo watu wanakosea hata kalkuleta ikiwa sahihi. Si theluthi ya eka, ni theluthi ya kitalu. Vitalu 7 vinachukua eka 2⅝, kinachobaki ni eka ⅛. Eka moja ni takribani mita za mraba 4,047, kwa hiyo kipande kilichobaki ni kama mita 506 za mraba. Anayeisoma kama theluthi ya eka atasubiri mita 1,349 ambazo hazipo shambani.

Tena usinakili 7.33 kwenye daftari ukaiingiza upya. 7.33 × ⅜ ni 2.74875, lakini ukitumia Ans, kitufe kinachokumbuka jibu la mwisho, inarudi 2.75 kamili. Na ukiandika 0.33 ukaigeuza kuwa sehemu utapata 33/100, kamwe si ⅓.

Kalkuleta ya kuazima naikagua kwanza. Neno FIX likionekana juu ya kioo, desimali zimefungwa: kwenye Fix 2, ile ⅛ inaonekana 0.13. Ukiibeba hiyo 0.13 kwenda kwenye mita, umejiongezea mita 20 za mraba. Kwenye fx-82MS, MODE mara tatu, kisha 3, inarudisha Norm, yaani mwonekano wa kawaida. Kwenye ES ni SHIFT, MODE, 8. Hapo itakuuliza 1 au 2. Mimi nachagua 2, kwa sababu Norm 1 inaandika 1÷200 kama 5×10⁻³, wakati Norm 2 inaonyesha 0.005.