Usipunguze upepo tairi likiwa la moto

Jua hili la Februari, ukitoka Dar ukifika Chalinze, geji iliyosoma 32 asubuhi itasoma 36 au 37. Watu wanaona hivyo wanatoa upepo. Kosa kubwa! Upepo ukipata joto lazima upande, na watengenezaji wamelihesabu hilo. Ukiupunguza, tairi likipoa unabaki na 27 au 28, na kesho unaondoka nalo hivyo hivyo.

Tairi lenye upepo mdogo ndilo linalopasuka. Ubavu wake unajikunja na kujikunjua kila mzunguko, mpira unachemka kwa ndani, nyuzi zinaachana. Ongeza mzigo na spidi 100, basi.

Pima asubuhi kabla ya kuwasha gari, au likiwa limesimama kwa muda wa saa tatu. Kipimo sahihi kipo kwenye stika ya nguzo ya mlango wa dereva. Namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni ya juu kabisa, usijaze hadi hapo. Spea nayo pima, wengi huikumbuka wakiwa tayari porini.

Kwa tairi za mtumba, kashata (meno ya tairi) nene zisikudanganye. Tafuta tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya ubavuni yanayoanza na herufi DOT, ndiyo tarehe ya kutengenezwa: 2316 ni wiki ya 23, mwaka 2016. Pitisha kidole ubavuni: ukikuta nyufa kama za tope lililokauka, au kinundu, liache hapo hapo dukani hata kama bei inashawishi.