Fundi wa Mafinga hakosi kazi: nilivyopunguza watu kuondoka kimya kimya

Hapa Mafinga, mji wa mbao mkoani Iringa, mnoa misumeno hakosi kazi. Akitoka kiwanda kimoja cha mbao asubuhi, mchana ananoa kwingine au ameingia msituni na wenye dingdong, zile mashine ndogo za kupasulia mbao zinazohamishika. Mpanga mbao hana bahati hiyo. Nasimamia wote wawili, na wakikosa imani na ofisi wa kwanza huondoka, wa pili hubaki akanyamaza. Huyo anayenyamaza ndiye hasara. Gogo likiwa na msumari na meno ya msumeno yakavunjika, aliyenyamaza kwenye mashine ataendelea kupasua akihofia kukatwa mshahara. Mbao za inchi mbili kwa nne zinatoka na mawimbi, nene huku, nyembamba kule, na mnunuzi wa Dar es Salaam anazikataa. Kwa hiyo kwetu anayezima mashine na kusema hakatwi hata shilingi.

Wanaolipwa kwa idadi ya mbao hugombana zaidi kwenye hesabu. Tunahesabu jioni ile ile, kabla mbao hazijapelekwa kukaushwa, msimamizi na mwakilishi wa zamu wakiwa pamoja. Daftari ni la kaboni, nakala moja ofisini, nyingine kwao. Ukiacha hadi kesho, usiku umeshazaa maneno.

Wapo waajiri wanaoshikilia malipo ya wiki mbili ili mtu asikimbie. Atakimbia tu, tena siku ya malipo, bila kuaga. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi na siku 4 kwa wa siku au wiki, mwezi wa kwanza ukishapita. Nani ataitoa ikiwa mwenzake alipoaga alionyeshwa geti siku hiyo hiyo? Kwetu anayeaga anafanya kazi hadi siku ya mwisho, analipwa chake chote na kupewa cheti cha utumishi. Siku 28 zinamtosha msaidizi kujifunza kunoa. Kunyoosha msumeno uliopinda ni habari nyingine.

Michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kila mtu aikague mwenyewe. Pengo la mwezi mmoja hubomoa imani kuliko nyongeza inavyoijenga.

Likizo napanga nyingi Novemba na Desemba, watu wanapopanda mahindi. Barabara za msituni zikilowa hata magogo yanasuasua. Ukizigawa Julai, jiandae: Desemba kila mtu atakuwa na msiba.