Baiti 6 za Mwanzo

Sauti ya bibi mzaa mama ilikuwa kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu ya mjomba. Alimrekodi kule Pangani akisimulia ukoo wetu, na bibi alipofariki hatukuwa na rekodi nyingine. Baadaye kadi ikaharibika. Fundi akanusuru mafaili mengi, ila hilo likagoma kufunguka kwenye kila programu.

Nikalifungua kwa xxd, programu inayoonyesha baiti zote za faili (vipande vidogo vya data) kwa hekisadesimali, yaani namba za 0-9 na herufi a-f, baiti 16 kila mstari. Simu ile ilirekodi kwa kodeki ya AMR, njia ya kubana sauti ya maongezi, na faili la AMR sharti lianze na herufi #!AMR pamoja na alama ya mstari mpya, jumla baiti 6 ziitwazo kichwa. Hazikuwepo. Nilipoteremsha macho nikaiona 3c. Mstari mmoja ipo, unaofuata haipo, kisha ipo tena, safu ileile ya saba, imeshuka wima hadi chini ya skrini. Moyo ulinienda mbio. 3c hufungua fremu, yaani kipande kimoja cha sauti, ya AMR ya kilobiti 12.2 kwa sekunde: baiti hiyo moja, kisha 31 za sauti, milisekunde 20 za maneno ya mtu. Takataka za kadi mbovu hazijipangi hivyo. Bibi alikuwa mle.

Kilichopotea kilikuwa kipande cha kwanza, baiti 32,768. Namba hiyo inagawanyika kwa 32, ukubwa wa fremu moja, bila baki, na fremu zilianza baada ya baiti 6 za kichwa, kwa hiyo mkia wa fremu iliyokatwa ulikuwa baiti 6 barabara, nafasi ileile ya kichwa kilichokosekana. Nikatoa nakala, nikaandika kichwa juu ya mkia ule, nikaicheza. Ikaongea!

Nawaheshimu sana waliobuni muundo huu. Kila fremu inajitambulisha yenyewe. Ingekuwa 3GP, muundo mwingine wa mafaili ya simu, ambayo hutegemea jedwali la kuonyesha kila kipande kilipo, na jedwali hilo likapotea, kazi ingekuwa ngumu mno.

Nikampigia mama. "Shikamoo mama, hebu sikiliza." Akasikiliza yote kimya.

"Rudisha mwanzo," akasema. "Hapo ameshamtaja babu yake, jina limekatika."

Kweli, kipande kilichopotea kilibeba sekunde 20 hivi za mwanzo. Mama akanitajia jina, na la baba yake babu huyo pia, nikayaandika yote mawili, kisha nikawatumia wajomba faili pamoja na majina.