Akiolojia na jiografia Mlimani: nilivyozibeba pamoja

Nilimaliza kidato cha sita na HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), kemia nikiwa nimeiaga zamani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tukaanza na radiokaboni, njia ya kupima umri wa vitu vya kale: kiumbe hai hupokea kaboni muda wote, kikifa kinaacha, na kaboni-14 iliyomo inapungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi. Darasani sikuambulia kitu. Nikamfuata rafiki yangu anayesomea ualimu wa sayansi, akanieleza kwa Kiswahili tukiwa na daftari na kipande cha mkaa, kisha nikarudi kwenye kitabu cha Kiingereza. Hiyo ndiyo njia niliyokwenda nayo hadi mwaka wa tatu. Wanaokataza kuchanganya lugha katika kusoma sijui walisoma kozi gani.

Jiografia wengi wetu tuliichukulia kama somo la kusindikiza. Mimi nilianza kuiheshimu tulipokwenda mafunzo kwa vitendo upande wa Bagamoyo. Kaole kuna misikiti na makaburi ya mawe ya matumbawe, mengine yana nguzo zilizowahi kupachikwa bakuli za kaure ya China. Ukisimama pale unajiuliza bandari ilikuwa wapi, maana mbele yako ni mikoko. Akiolojia inakupa kaure, yaani biashara ya mbali. Tope lililojaa na mikoko iliyoota juu yake ni habari ya jiografia, na bila hiyo huwezi kueleza jahazi lilitia nanga wapi.

Kabla ya kuchimba tulitembea kwa mistari, kila mtu na mwenzake wameachana hatua kadhaa, macho chini. Mzee mmoja mwenye shamba alitutazama kwanza, tukamwamkia, ndipo akasema, "Marahaba wanangu. Mnahangaika bure huko kwenye mchanga mweupe. Nendeni kule kwenye mibuyu, udongo wake mweusi." Tukaenda. Pembeni mwa shamba kulikuwa na lundo la vigae vya vyungu ambavyo jembe lilikuwa likivitoa kila msimu, na mkulima akivitupa mpakani. Baadhi vilikuwa na michoro ya pembetatu chini ya mdomo wa chungu, aina inayojulikana pwani kwa takriban karne ya 6 hadi ya 10.

Shimo letu lilikuwa mita moja kwa mita moja. Kazi yenyewe ni ya magoti: unakwangua kwa mwiko wa fundi mwashi, udongo unaingia ndoo, ndoo inakwenda kwenye chekeche, kinachobaki kinawekwa kwenye mfuko wenye namba ya shimo na kina. Rangi ya udongo ikibadilika unasimama, unapima, unachora ukuta wa shimo. Nilipenda kuchora kuliko kuchimba. Tabaka la majivu, la magamba ya chaza, la mchanga mtupu: yule aliyesoma mmomonyoko na utuaji wa udongo anaona upesi lipi limeletwa na watu na lipi limeletwa na maji.

Kizungumkuti kilikuja wakati wa tasnifu. Pointi za GPS nilipoziweka juu ya ramani ya zamani ya 1:50,000 zilikaa karibu mita 300 kutoka zilipostahili. Ramani hizo zimechorwa kwa mfumo wa viwianishi wa Arc 1960, GPS inatoa mfumo mwingine, WGS 84. Mhadhiri wa GIS, yaani ramani za kompyuta, akanionyesha pa kubadilisha ndani ya QGIS, programu ya bure ya ramani, na kazi ikawa ya dakika chache. Kisha nikaweka vigae, aina za udongo na visima vya maji baridi kwenye ramani moja. Vigae vingi vilikuwa karibu na visima. Msimamizi akasema hapo ndipo tasnifu ilipo, yale mengine nipunguze. Nikafuta sura nzima ya historia ya biashara ya Bahari ya Hindi, niliyoipenda kuliko zote.

Kazi? Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka tathmini kabla ya miradi mikubwa, na mambo ya kale nayo huangaliwa. Nimepata mikataba mifupi ya kutembea njia ya barabara kabla greda halijafika. Wananiita kwa sababu naweza kutambua kigae na pia kutoa ramani jioni ileile. Mjomba anauliza mshahara unaingia tarehe ngapi. Hakuna tarehe, mjomba: ripoti ikipokelewa, ndiyo pesa inatoka.