Nilinunua spika, kumbe tatizo lilikuwa kwenye sindano

Kila niliyemuuliza nianze kuboresha kifaa gani kwenye mfumo wangu wa santuri alinijibu papo hapo, bila hata kuuliza unasikikaje. "Anza na spika, spika ndiyo sauti." Mwingine akasema, "Anza na mashine ya kuzungushia santuri, maana sauti iliyopotea pale hairudi tena." Hoja hii ya pili ina wenyewe tangu miaka ya 1970, kampuni ya Linn ya Uskoti ilipoishikilia pamoja na mashine yake ya Sondek LP12, na siidharau. Ya spika nayo ina ukweli wake. Kinachonikera mpaka leo ni kwamba hakuna hata mmoja aliyeniuliza: wewe ukikaa kusikiliza, kinakuudhi nini hasa?

Mimi yaliniudhi mawili. La kwanza, nyimbo za mwisho za kila upande. Mwimbaji akifika kwenye herufi "s", sauti ilipasuka kama anayetafuna mchanga. La pili, besi ilivuma tu chumba kizima, noti zote zikawa noti moja.

Nikawasikiliza wa spika. Akiba ya karibu nusu mwaka ikaishia hapo. Wimbo wa kwanza nilifurahi mno, nilisikia mpaka pumzi ya mpiga tarumbeta. Wimbo wa tano, ndio wa mwisho wa upande, "s" ile ile, tena kali kuliko zamani, kwa sababu spika nzuri haimfichii mtu kitu. Besi nayo ikazidi, maana spika zenyewe zilikuwa kubwa zaidi. Nikarudi kwa mshauri wangu. Akaniambia sasa nibadilishe amplifaya.

Hapo nilikasirika, na hasira ile ndiyo iliyonifanya nikae chini nijitafutie mwenyewe. Njia niliyoipata haikunigharimu chochote, na kama kuna jambo moja ninalojivunia katika habari hii yote, ni hili. Nilichukua santuri ambayo albamu yake ninayo pia kwenye CD. Nikaunganisha mashine ya CD kwenye amplifaya ile ile, na spika zile zile, nikakaa kiti kile kile. Nikapiga wimbo wa mwisho wa upande A kwenye CD, kisha kwenye santuri, kisha CD tena, sauti nikiilinganisha kwa uangalifu, kwa sababu chenye sauti kubwa zaidi hudanganya sikio kuwa ndicho bora. Kwenye CD, "s" zilitoka safi zote. Basi amplifaya haina kosa, spika hazina kosa. Na zile za zamani hazikuwa na kosa pia. Nilizirudisha nikajaribu, zikatoka safi vilevile.

Lakini besi ilivuma hata kwenye CD. Nikavaa hedifoni nikazichomeka kwenye amplifaya. Mvumo ukatoweka, iwe CD iwe santuri. Hedifoni hazina chumba! Kwa hiyo mvumo ulikuwa wa chumba na mahali nilipoweka spika: zote mbili nilizibana kwenye pembe, migongo ikigusa ukuta, na ukuta na pembe huongezea besi. Nilizivuta mbele kiasi cha hatua moja na kuzitoa pembeni, na jioni ile ile nikaanza kusikia gitaa la besi likitembea. Kero moja imekwisha, hakuna kilichonunuliwa.

Ya "s" ikabaki kati ya mfuo wa santuri, yaani mtaro mwembamba anamopita sindano, na waya unaoingia kwenye amplifaya. Eneo dogo sana, ukilinganisha na mahali nilipokwisha kumwaga fedha.

Ngoja nieleze kwa nini nyimbo za mwisho ndizo huumia. Santuri ya LP huzunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika, haibadiliki. Lakini kule ukingoni mfuo hupita chini ya sindano kwa kasi ya karibu sentimita 50 kwa sekunde, na ukikaribia lebo hubaki 21 hivi. Sauti ile ile imekunjwa kwenye urefu usiofika nusu. Sindano iliyochakaa, au iliyokaa upande, hushindwa hapo kwanza. Kwa hiyo upande ukianza vizuri na kuharibika mwishoni, achana na spika, tazama sindano.

Nikanunua mizani ndogo ya kupimia sindano inaikandamiza santuri kwa uzito gani, kitu cha bei ndogo kabisa. Ikaonyesha gramu 1.3. Katriji yangu, kile kichwa kidogo kinachobeba sindano, hutaka 2. Nani aliiweka hivyo? Mimi mwenyewe, baada ya kuambiwa kwamba sindano nyepesi huhifadhi santuri. Ushauri huu ndio mbaya kuliko wote niliowahi kupewa. Sindano nyepesi kupita kiasi haikai imara kwenye mfuo, hurukaruka na kugonga kuta zake, na huko ndiko kuharibu santuri. Fuata gramu alizoandika mtengenezaji wa katriji. Kusawazisha mkono unaobeba katriji sielezi, kijitabu cha mashine kinatosha.

Kwa gramu 2, kero ilipungua karibu nusu. Nikaweka karatasi ya kupangia katriji, nikakuta imegeuka kidogo kushoto. Nikalegeza skrubu mbili, nikainyoosha, ikapungua tena. Kilichobaki kilikuwa uchakavu: mashine niliinunua ikiwa imetumika, na sindano ile sikujua imepita saa ngapi. Wengi huhesabu kati ya saa 500 na 1,000.

Hapo ndipo nilipotoa fedha kwa moyo mmoja. Katriji yangu ni ya familia ya AT-VM95 ya kampuni ya Audio-Technica, na uzuri wake ni kwamba mwili ni mmoja, sindano hubadilishwa kwa kuchomoa na kuchomeka. Niliacha ile yenye ncha ya duara nikachukua yenye ncha nyembamba zaidi, inayoingia kwenye vipindo vidogo vya mfuo. Bei yake haikufika hata robo ya spika. Nilipiga wimbo ule wa tano nikausimamia, siketi. "S" zikapita laini, moja baada ya nyingine. Nikaurudia mara tatu.

Baada ya hapo tu ndipo nikasikia mchirizo mdogo, "shhh", kati ya wimbo na wimbo. Nikainua sindano, nikaacha sauti palepale: mchirizo ukabaki. Nikahamia CD: kimya. Basi si santuri wala sindano, ni priampu iliyomo ndani ya mashine, kile kikuzaji kidogo kinachoiandaa sauti ya sindano kabla haijafika kwenye amplifaya. Nikanunua priampu ya pembeni, nikaiunganisha kwa shauku, na kilichotoka kilinikatisha tamaa: ngurumo, besi imevimba, sauti imekwaruzika, na kitufe cha sauti nimekigusa tu. Nikaamua kuirudisha kwenye boksi nimrudishie muuzaji. Wakati nachomoa nyaya ndipo nikaiona swichi ndogo nyuma ya mashine, Phono upande mmoja, ambao huizima priampu ya ndani, Line upande wa pili, ambao huiwasha. Ilikuwa kwenye Line. Priampu mbili zilikuwa zinafanya kazi moja.

Na kazi yenyewe si kukuza tu. Katriji kama yangu hutoa milivolti 4 hivi, wakati CD hufika volti 2, kwa hiyo lazima priampu iikuze kwanza. Tena mfuo wa santuri huchongwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti nyembamba zikiwa zimepandishwa, kwa utaratibu wa RIAA, chama cha kampuni za kurekodi muziki za Marekani, uliokubaliwa miaka ya 1950, na priampu huvirudisha mahali pake. Ukivirudisha mara mbili, besi hufura kama nilivyosikia. Nikaisogeza swichi kwenye Phono, na mchirizo ukaisha.

Kitu kingine: usiweke mashine na spika kwenye kabati moja. Simamisha sahani inayozungusha santuri, teremsha sindano juu ya santuri iliyotulia, pandisha sauti pole pole, kisha gonga kabati kwa kidole. Ukisikia "du" kwenye spika, hiyo "du" unaisikia kila siku ndani ya muziki. Mimi nilihamishia mashine kwenye meza yake.

Amplifaya sijaibadilisha. Nimeweka daftari karibu na mashine, kila upande nikiupiga nachora mstari, niijue sindano hii umri wake. Mpaka jana usiku imefika saa 140.