Kuandika Kitabuni

Jumanne nilirudi kutoka zamu saa mbili kasoro asubuhi, nikamkuta binti yangu kwenye meza ya jikoni, nywele hajachana, kalamu ya njano mkononi. "Shikamoo mama," bila kuinua kichwa. Nikajua mambo yameiva. Kazi ya likizo alipewa mwezi wa sita, shule inafunguliwa mwisho wa Agosti, na siku zilizobaki zilikuwa kumi na mbili.

Anaingia darasa la kumi na moja, na hapa Maryland, kama sehemu nyingi za Marekani, huo ndio mwaka wa fasihi ya Kimarekani. Wanatakiwa wachague kitabu kimoja kwenye orodha, wakisome huku wakiandika maoni pembeni mwa kurasa, kisha waandike insha ya kurasa tatu. Yeye alichagua simulizi ya maisha ya Frederick Douglass, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mtumwa akatoroka, ile aliyoiandika mwenyewe ya 1845. Nilipomuuliza kwa nini hiyo, hakuzunguka: ndiyo nyembamba kuliko zote.

Karatasi ya maelekezo nimeisoma. Inataja ukubwa wa herufi, nafasi kati ya mistari, na onyo kali kuhusu akili mnemba. Neno kufurahia halimo.

Kitabu chenyewe kipo bure mtandaoni, hakimiliki yake ilishakwisha zamani, na maktaba wanacho. Ila cha maktaba hukichori. Ikabidi tununue. Na mimi nilikwama hapohapo, kwenye huko kuchora. Nimesoma sekondari Morogoro. Riwaya moja tuligawana watu wanne dawati moja, imevikwa gazeti, na kila mwisho wa muhula inakaguliwa. Siku moja nilipigia mstari sentensi iliyonipendeza, kwa penseli, mstari mmoja tu. Nilikula fimbo tatu za mkononi, nikapewa raba niufute mbele ya darasa. Kitabu tulikijulia ubaoni: dhamira, wahusika, mandhari, fani na maudhui, tunanakili hadi vidole vinakufa ganzi. Swali la mtihani nalo tulilijua kabla halijaja, thibitisha kauli hii kwa kutoa hoja tatu kutoka kila kitabu. Wapo waliofaulu bila kufungua kitabu. Nawajua, na mmoja wao huwa ananisoma hapa.

Basi nikajifanya mjuzi. Kutazama kurasa zake, njano tupu toka juu hadi chini. "Sasa mwanangu, ukipaka zote si sawa na hujapaka?" Akanitazama tu. Insha ilikuwa na sentensi moja, kwamba utumwa ni jambo baya. Nikamwambia andika, nakupa hoja: moja, ukatili wa mabwana, mbili, umuhimu wa elimu, tatu, ujasiri. Zilinitoka chapchapu kama nimekaa chumba cha mtihani.

"Mama, hizo ni habari zilizomo kitabuni. Mwalimu anataka dai. Kitu ambacho mtu mwingine aliyesoma kitabu hikihiki anaweza kukipinga."

Nikaenda kukanda unga wa chapati.

Usiku ule nilikibeba kazini. Nahudumia wazee, na kati ya saa nane na saa kumi, ukishawageuza wote, kunakuwa kimya. Sura ni kumi na moja tu. Katika ya sita, Douglass bado mtoto, mke wa bwana wake huko Baltimore anaanza kumfundisha herufi, mume anamkataza: mtumwa akijua kusoma hatawaliki tena. Mtoto anasikia kila neno. Sura ya saba kila akitumwa, anabeba kitabu na mkate. Kwa bwana wake mkate ulikuwepo wa kutosha, ila mtaani kulikuwa na watoto maskini wa Kizungu wenye njaa. Anawapa mkate, wanamsomesha. Majina yao anayajua ila hayataji, asije akawaponza, kwa sababu kumfundisha mtumwa kusoma kulihesabiwa kosa kubwa. Hapo nilisoma mara mbili, kengele ya chumba cha mwisho ikalia, nikarudi nikasoma tena.

Halafu sura ya mwisho. Umemsindikiza mtu huyu kote, unasubiri akwambie alitorokaje, naye anakataa! Anakupa tarehe, 3 Septemba 1838, basi. Wapo waliomsaidia, na wapo walioachwa nyuma ambao bado wanaihitaji njia hiyo. Aliieleza katika kitabu chake cha 1881, utumwa ukiwa umeshafutwa: mavazi ya baharia, hati za kuazima, treni.

Asubuhi nikamsimulia binti. Alikuwa hajafika huko. Akaacha uji. "Kwa hiyo kitabu kizima anapigania kusoma na kusema, halafu mwishoni anafunga mdomo?" Nikamwambia andika hilo kabla halijapoa. Ndilo likawa dai lake: kwamba uhuru wa Douglass unaonekana zaidi kwenye anayoyaficha kuliko anayoyasema. Mimi sikubali. Nadhani alificha kwa sababu palikuwa na hatari, ndio hivyo tu, na mtu akiwa huru kweli hana haja ya kuficha. Tulibishana hadi chai ikawa maji. "Unaona sasa? Unapinga!" alisema, amefurahi kama aliyeshinda bahati nasibu.

Jumamosi tulikwenda Fells Point, Baltimore. Mtaa wa Thames una mawe yale ya zamani yanayovunja visigino, migahawa, boti, na jumba la makumbusho lenye jina la Douglass. Kuandika alianzia kwenye karakana ya meli. Mafundi walichora herufi kwenye mbao kuonyesha zinakwenda upande gani wa meli, L ya kushoto, S ya kulia, naye akazinakili. Binti alipiga picha moja ya maji, akataka aiskrimu.

Insha imefika ukurasa wa pili. Jana usiku alikuwa anatafuta nukuu, akasimama katikati ya sebule na kitabu wazi.

"Mama, huu mwandiko wa nani?"

Sura ya saba, pembeni, kwa penseli hafifu sana: mkate = ada.

Nikamwomba raba. Akakataa kunipa.