Mamangu hakuleta hii figo

Kwetu mtu akivimba miguu wazee wanaanza kutafuta nani alikosea, ati ni chira, ile laana ya kuvunja mwiko. Babu alienda hivyo, halafu baba mdogo, na sai mzee wetu anasafishwa damu mara mbili kwa wiki hapa Kisumu. Mzee alipoanza kuugua mamangu alisemwa sana, eti alikuja na mkosi wa kwao, na ugonjwa ulikuwa bomani kabla hata hajaolewa!

Nimeona picha ya altrasaundi ya mzee kwa skrini. Figo ya mtu mzima huwa kama sentimita 11 hivi, yake imefura imejaa vifuko vya maji, vyeusi tititi, vikubwa kwa vidogo vimebanana hadi nyama ya figo yenyewe huioni. Hii ya vifuko mzazi mmoja akiwa nayo inatosha, kila mtoto ana nusu kwa nusu, awe msichana awe mvulana. Jeni zinazoileta sana ni mbili, PKD1 na PKD2, ile ya kwanza ndio kali, wengi figo huchoka wakiwa miaka ya 50, ya pili huvuta hadi 70 huko.

Shangazi yeye huchanganya kila kitu, mtoto wa jirani ana sikoseli na figo zimeanza kusumbua basi ati ni laana moja. Si moja. Sikoseli mtoto hupata jeni kwa baba na kwa mama, na imejaa huku ziwani kwa sababu mwenye jeni moja tu malaria haimwangushi ovyo. Kuna na Alport, ugonjwa mwingine wa figo wa kurithi, damu kwa mkojo halafu masikio yanaanza kuisha, hiyo mara nyingi hupitia kromosomu X ndio maana wavulana huumia zaidi.

Mi nilienda skani, ikatoka safi, lakini sijafika 30 na vifuko vingine huchelewa kuonekana, so napima presha, chumvi nimepunguza, Brufen siguzi. Ndugu yangu amekataa kabisa, anasema akijua atalala aje. Siwezi mlaumu.

Shangazi naye, dada ya mzee, mtoto wa yule babu, ana presha ya miaka na hajawahi pigwa picha. Nimemwambia twende Jumatatu. Amesema atakuja nikilipa matatu, kwenda na kurudi.